Makangaga ya Mwanza na ufukwe wa ziwa: vuli imeshika, tuyatafute na tujue lipi ni lipi

#1 MaweYaMwanza (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Vuli imeshika na vilima vyetu vinabadilika rangi. Nyufa za mawe zilizokuwa kavu tangu Juni sasa zina kijani. Sehemu kubwa ya kijani hicho ni nyasi na vichaka vya kawaida, ila humo ndani kuna makangaga, mimea isiyo na ua wala mbegu, na huu ndio msimu wake.

Nchi za baridi watu husubiri theluji iyeyuke, ikifika Aprili na Mei wanaingia msituni kuangalia makangaga yanavyochomoa majani mapya yakiwa bado yamejikunja. Kwetu kinachoyaamsha ni mvua ya Oktoba na Novemba, kisha masika ya Machi hadi Mei. Jani changa linatoka vilevile, limejikunja kuanzia ncha hadi kwenye bua, linajikunjua polepole kutoka chini kwenda juu. Ukiliona hilo kwenye mmea wowote usio na ua wala tunda, simama hapo, una kangaga mkononi.

Nafungua uzi huu kwa sababu kangaga moja limeshaingia kwenye maisha yetu bila watu wengi kujua kuwa ni kangaga. Mapema 2025, vivuko vya Kigongo na Busisi viliponaswa na magugu, kabla daraja la hapo halijafunguliwa Juni mwaka huohuo, tulianza kusikia neno salvinia. Salvinia haina ua hata moja. Ni kangaga la majini. Nitalirudia huko chini, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Tuanze nchi kavu kwanza, kwa sababu jicho linajifunzia huko.

Kanuni yangu ni moja: geuza jani. Uso wa juu wa kangaga utakudanganya, makangaga mengi yanafanana kwa juu. Chini ya jani ndiko kwenye ukweli. Mmea huu hauna mbegu, unazaliana kwa spora, chembe ndogo kama vumbi, na spora hukaa kwenye vifuko vidogo vilivyokusanyika kwa mpangilio maalumu. Mpangilio huo haubadiliki ovyo. Kuna makangaga yenye madoa ya mviringo yaliyotengana, yapo yenye mstari mmoja ukingoni mwa jani, na yapo ambayo spora zimetapakaa chini yote. Watu wengi wakiona madoa ya kahawia wanadhani ni ugonjwa au mayai ya wadudu, wanang'oa. Yaacheni jamani, ndiyo kizazi chake hicho.

Kwenye mawe yetu, tafuta Pellaea calomelanos. Bua lake ni jeusi, jembamba, linang'aa kama limepakwa mafuta. Vipande vya jani ni vigumu, vina rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu cha samawati, na vifuko vya spora vimepangana ukingoni, ukingo wenyewe umejikunja kuvifunika. Linapenda ufa ambao wewe ungesema hauna udongo kabisa. Kiangazi majani yake hukauka na kujikunja hadi ukiyagusa unaona yamekufa. Mvua ikinyesha yanafunguka tena, jani lilelile, siyo jipya. Mimea yenye uwezo wa kukauka karibu kabisa halafu ikarudi kuishi ni michache duniani, na hapa tunaikanyaga tukienda kupiga picha za machweo.

Jirani yake kwenye sehemu kavu zaidi kuna Actiniopteris. Hili halifanani na kangaga ulilolizoea: ni dogo, halizidi urefu wa kiganja kwa kawaida, na jani lake limepasuka kuanzia sehemu moja kuwa vipande vyembamba vinavyotawanyika. Wengi hudhani ni mche wa mvumo. Geuza: utaona mistari ya spora imefuata kingo za kila kipande. Nalo hufa na kufufuka kwa mtindo huohuo.

Kwenye mifereji na kingo zenye unyevu tafuta Pityrogramma calomelanos. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ila limeenea kwenye nchi nyingi za joto. Ukiligeuza unakuta unga mweupe umeganda chini ya jani. Libandike juu ya shati jeusi, bonyeza, ondoa: picha kamili ya jani inabaki kwenye kitambaa, kila kipande na kila pengo. Waonyesheni watoto hili, hawatalisahau.

Kwenye kuta za zamani zenye nyufa za saruji kuna Pteris vittata. Jani refu, vipande vyembamba virefu visivyokatwa, kipande cha mwisho kirefu kuliko vyote, na spora zimefuata ukingo wote. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba kangaga hili linafyonza arseniki, sumu ya madini, kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye majani kwa kiwango ambacho kingeua mimea mingine. Kwa kanda yenye machimbo ya dhahabu, ambako sumu hiyo huweza kuwepo, ni mmea wa kuufahamu kwa jina.

Tahadhari kabla hamjatoka: kwenye nyufa za mawe usipeleke mkono mahali jicho halijafika, nyoka nao wanapenda humo. Ukingoni mwa ziwa vaa buti, kichocho kipo. Na kwenye hifadhi, Saanane na Rubondo, hakuna kuchuma, piga picha tu.

Karibuni mchangie, wekeni na mlichokiona.

#2 Mdau_Igoma

Mkuu asante, somo zuri. Swali langu: mke wangu ana kangaga la chungu barazani, alilinunua kwa wauza maua. Majani marefu, yananing'inia. Ni la kwetu au la kuja? Na lile linaloota kwenye mti juu, limeshikilia kama masikio makubwa, nalo ni kangaga?

#3 MaweYaMwanza

Mdau, la chungu kwa maelezo hayo kuna uwezekano mkubwa ni Nephrolepis. Hakikisha hivi: vipande vya jani vimejipanga pande zote mbili za bua moja refu, kila kipande kimeungana na bua kwa kinundu kidogo na kikikauka kinadondoka chenyewe, na chini yake kuna madoa ya mviringo yenye kifuniko chenye umbo la figo. Jamii ya Nephrolepis ipo ya kwetu ya asili na ipo ya kuletwa, kwa hiyo ya dukani siwezi kukwambia imetoka wapi bila picha ya chini ya jani.

Lile la mtini ni Platycerium, na kwa upande wetu wa ziwa ukisikia masikio makubwa fikiria Platycerium elephantotis. Lina majani ya aina mbili: ya chini yanakumbatia gome la mti na kukusanya takataka zinazooza, hayo ndiyo shamba lake, na mengine mapana yananing'inia. Spora zake hukaa kwenye kiraka kimoja kikubwa cha kahawia chini ya jani linaloning'inia. Haliunyonyi mti, limeegemea tu. Naomba sana watu waache kuyabandua msituni kwa ajili ya kuuza. Kangaga kubwa la namna hiyo limechukua miaka mingi kufika hapo.

#4 MvuviKigongo

Nimeingia humu kwa sababu ya hiyo salvinia. Sisi tumeishi nayo. Magugu maji yale ya zamani tuliyazoea, yenye maua ya zambarau, unayaona yanavyoelea kwa mafungu na upepo unayahamisha. Hii nyingine ni mkeka. Inaziba pembezoni kabisa, mtumbwi ukiingia kasia halishiki maji, injini inavuta majani inazima. Nyavu ukitega unavuta majani. Sasa kuna wenzetu wanasema ile midogo midogo inayogeuka nyekundu juani ndiyo salvinia changa, wanataka iondolewe yote. Wengine wanasema hiyo ni chakula cha kuku. Tunafuata lipi?

#5 MaweYaMwanza

Kaka, swali lako ndilo uzi wenyewe. Nakujibu kwa kirefu na naomba mwenye ndugu kwenye mialo, kule mitumbwi inakotia nanga, amfikishie.

Ile midogo inayogeuka nyekundu juani ni Azolla. Nayo ni kangaga la majini, ila ni jamii nyingine. Haikui ikawa salvinia. Chukua kiganja kimoja uiangalie kwa karibu: majani yake ni madogo kama punje, yamepandana, na chini inaning'iniza mizizi halisi, myembamba, inayoonekana moja moja. Ndani ya majani hayo wanaishi bakteria wenye uwezo wa kunasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana wakulima wa mpunga wa Asia wameitumia kama mbolea kwa karne nyingi, na ndiyo maana wafugaji wanaipenda kwa kuku na samaki. Ipo Azolla ya asili ya Afrika, Azolla nilotica, ambayo ni kubwa kuliko nyingine na mizizi yake hutoka kwa mafungu.

Salvinia iokote uitazame hivi. Majani yanayoelea yako mawili mawili kwenye kila kifundo. Yakiwa machanga, mahali penye nafasi, yamelala bapa juu ya maji na ni madogo, hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Yakibanana yanajikunja katikati na kusimama, hapo ndipo mkeka wako wewe unapoanza. Sasa sogeza jani kwenye jicho, au piga picha kwa simu ukuze. Juu ya jani kuna vinywele vimesimama. Kila kinywele kinagawanyika kuwa matawi manne, halafu ncha za matawi hayo zinaungana tena juu. Kwa sababu hiyo ukidondoshea tone la maji linabaki duara na kuteleza, jani halilowi. Azolla haina vinywele vya namna hiyo. Magugu maji ya zamani hayana.

Halafu iinue ugeuze. Utaona nyuzi za kahawia zimening'inia, nyingi, zinafanana kabisa na mizizi. Siyo mizizi. Salvinia haina mzizi hata mmoja. Hilo ni jani la tatu lililozama na kuchanikachanika, nalo ndilo linalonyonya virutubisho majini. Kwenye mmea mkubwa utakuta na vifuko vidogo vya mviringo vimeshikana kwa mnyororo kwenye nyuzi hizo. Vinywele vya kuungana ncha pamoja na mnyororo wa vifuko, ukivikuta vyote, unazungumzia Salvinia molesta.

Kuhusu vifuko hivyo, spora zake ni tasa. Haienei kwa spora hata kidogo. Kila mmea unaouona umetokana na kipande cha mmea mwingine. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuanzisha mkeka, na penye joto na maji yenye rutuba kinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Kwa hiyo njia yake ya kusafiri ni sisi: wavu uliotolewa Kigongo ukapelekwa Sengerema bila kukung'utwa, maji ya chini ya mtumbwi, pangaboi, ndoo ya vifaranga vya samaki. Na ndiyo maana kuikatakata kwa panga na kuiacha majini ni kuipanda. Ikitolewa, itolewe nchi kavu, mbali na mahali maji yanapofika mvua ikinyesha.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza jina sahihi. Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilipoanza kujaa kuanzia 1958, salvinia ilivamia haraka, na kufikia 1962 ilikuwa imefunika takriban kilomita za mraba 1,000. Wataalamu wa wakati ule waliiita Salvinia auriculata, mmea wa Amerika ya Kusini unaofanana nayo sana. Walipotafuta wadudu wa kuila, walikwenda kuwatafuta kwenye auriculata. Wadudu waliopatikana huko wakaletwa Afrika, na kazi ikawa haifanyiki inavyotakiwa. Mwaka 1972 ndipo mtaalamu wa mimea Mitchell alipoieleza kama spishi tofauti, Salvinia molesta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 asili yake ikapatikana kusini mashariki mwa Brazili, na huko kwenye mmea wenyewe kulikuwa na fukusi mdogo wa milimita mbili hivi. Kwa macho alifanana na yule wa mwanzo, kumbe naye ni spishi nyingine, akaja kupewa jina Cyrtobagous salviniae mwaka 1985. Alipoachiwa kwenye ziwa Moondarra huko Queensland, Australia, mwaka 1980, ndani ya kipindi kifupi mkeka ulisambaratika. Papua New Guinea walimtumia kwenye mto Sepik, vijiji vilivyokuwa vimefungiwa njia ya maji vikafunguka.

Miaka yote hiyo kati ya Kariba na Moondarra ilipotea kwenye tofauti ya vifuko na vinywele ambavyo mvuvi mwenye simu ya kawaida anaweza kuvipiga picha leo.

Kwa hiyo jibu lako kaka: msiiondoe Azolla kwa kuidhania salvinia, nguvu kazi yenu itaisha bure. Na msimpelekee mfuga kuku salvinia kwa kuidhania Azolla, mtakuwa mmemwekea kwenye bwawa lake. Mkiiona salvinia mahali papya, piga picha ya juu, ya chini na ya mahali penyewe, zipelekeni kwa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, na ofisi ya uvuvi ya wilaya siku hiyohiyo. Ikiwa bado ni kiraka cha ukubwa wa chumba inatoka kwa mikono. Ikishaziba ghuba mnahitaji mashine na fukusi.

#6 MvuviKigongo

Nimekuelewa vizuri. Hilo la vinywele nimekwenda kuangalia sasa hivi kwa tochi ya simu, ni kweli zimeungana juu. Kesho napeleka picha kwenye kikao cha mwalo.

#7 Mhaya_wa_Ziwa

Kwetu Kagera kangaga la shida liko nchi kavu. Mashamba yaliyoachwa, na nyika zikishachomwa moto, linaota lile refu la kufika kifuani, linatawala eneo lote. Ng'ombe wakikosa majani wanalila. Wazee wanasema linaleta mkojo wa damu. Ni kweli au ni maneno tu?

#8 MaweYaMwanza

Wazee wako wako sahihi kabisa. Hilo kwa maelezo yako ni Pteridium. Jani lake moja ni kubwa, limegawanyika na kugawanyika tena, linatoka peke yake kutoka kwenye shina linalotambaa ardhini, kwa hiyo ukichoma juu, chini linabaki zima na kuchipua kabla ya mimea mingine. Spora zake ziko ukingoni, chini ya mkunjo.

Lina sumu iitwayo ptakwilosidi. Ng'ombe akilila kwa muda mrefu anapata vidonda na uvimbe kwenye kibofu, ndiyo hiyo damu kwenye mkojo. Sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Majani machanga yaliyojikunja ndiyo yenye sumu zaidi, na ndiyo hutoka mwanzo wa mvua wakati ng'ombe ana njaa ya kiangazi. Ukimwona mnyama anakojoa mkojo mwekundu muite mtaalamu wa mifugo, maana yapo magonjwa ya kupe yenye dalili hiyohiyo na matibabu yake ni mengine. Na mtu yeyote asisome mahali kwamba nchi fulani wanakula majani machanga ya kangaga akaenda kuchuma hili. Yanayoliwa sana Amerika ya Kaskazini, kwa mfano, ni ya spishi nyingine, Matteuccia struthiopteris, na hata hayo huchemshwa vizuri kwanza.

#9 Mwalimu_Magu

Nafundisha baiolojia sekondari. Kitabu kina mchoro wa mzunguko wa maisha wa kangaga na wanafunzi wanakariri bila kuona. Kuna namna ya kuwaonyesha bila maabara? Jambo lingine, kwenye majaluba ya mpunga huku kwetu mvua zikianza inaota mimea midogo yenye vipande vinne juu ya kibua kimoja. Wanafunzi wanaokota kwa kuwa wameona mtandaoni majani manne ni bahati. Ni mmea gani?

#10 MaweYaMwanza

Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya majaluba ni Marsilea, na hapo una somo zima shambani. Ni kangaga. Vipande vinne vimekaa kwa msalaba juu ya bua moja. Vikiwa chini ya maji au juu yake vinakunjuka, jioni vinajikunja. Hutaona spora chini ya jani hata ugeuze mara ngapi. Chimba kidogo: karibu na shina linalotambaa kuna vifuko vigumu vya kahawia, vidogo kuliko maharage. Humo ndimo spora zilimo, na vinaweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi vikisubiri maji. Jaluba likikauka Julai mmea unapotea, vuli ikija upo palepale.

Kuhusu mzunguko, chukua jani la Nephrolepis au Pteris ambalo madoa yake yameiva, yamekuwa ya kahawia iliyokolea lakini hayajapasuka yote. Lilaze juu ya karatasi nyeupe, upande wa madoa uwe chini, funika na karatasi nyingine, weka mahali pasipo na upepo hadi kesho yake. Ukiinua utakuta vumbi limejichora kwa mpangilio wa madoa. Hizo ndizo spora, na vifuko vyake hufyatuka vikikauka, vinazirusha vyenyewe.

Zinyunyize kwenye udongo uliochemshwa na kupozwa, ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa na kufunikwa, weka dirishani pasipo na jua kali. Baada ya wiki kadhaa udongo unakuwa na utando wa kijani. Angalia kwa lenzi: ni vijani bapa vyenye umbo la moyo, chini ya sentimita moja, vimelala chini. Huo ni mmea kamili unaojitegemea, na ndio wenye viungo vya uzazi. Mbegu ya kiume inaogelea kwenye tone la maji kulifikia yai. Waambie wanafunzi wanyunyize maji kidogo, bila hayo hakuna kangaga. Kangaga tunalolijua linachomoza baadaye kutoka kwenye kile kimoyo, jani lake la kwanza likiwa dogo sana. Kwa mchoro ule wa kitabuni, hapa ndipo wanafunzi wengi hupotelea, kwa sababu hawaamini kuwa kimoyo kile na jani kubwa ni mmea mmoja kwa zamu mbili.

Ukikosa muda wa kuotesha, wapeleke kwenye ukingo wa mfereji wenye kivuli baada ya mvua za wiki mbili tatu mfululizo. Wapige magoti watafute vimoyo kwenye udongo ulio wazi, chini kidogo ya makangaga makubwa. Vipo, ila inabidi uso ufike karibu kabisa na udongo.

#11 Mdau_Igoma

Mleta uzi, nimegeuza la barazani. Madoa ni ya mviringo, yamepangana karibu na ukingo, na kifuniko ni cha figo kweli. Na wikiendi hii nakwenda Luchelele kwa shemeji, ufukweni kuna mafunjo mengi. Niangalie nini huko?

#12 MaweYaMwanza

Safi sana mkuu, basi ni Nephrolepis. Piga picha ya kinundu na ya madoa, weka hapa.

Luchelele, kwenye mafunjo, mtafute Cyclosorus interruptus. Linaishi miguu ikiwa majini, linapita katikati ya mashina ya mafunjo na jani linasimama wima. Vipande vyake vimekatwa nusu tu kuelekea katikati, siyo hadi ndani. Geuza: madoa ni ya mviringo na yamefuata mishipa, kwa hiyo kila jino la kipande lina safu yake. Hili ni la kwetu, ni sehemu ya mkeka wa mafunjo unaochuja maji yanayoingia ziwani, msiling'oe.

Ukiwa hapo hapo tazama na maji yaliyotulia kati ya mafunjo na nchi kavu. Kipande cha salvinia kikisukumwa na upepo hunasa mahali kama hapo kwanza. Ukikuta majani mawili mawili yenye vinywele, usilirushe tena majini, liweke kwenye mfuko, piga picha tatu nilizosema, na andika humu ni upande gani wa ufukwe.